Shajara: najifunza mtandao wa kompyuta kwa kufunga nyaya za duka langu mwenyewe

Jumamosi, 11/1/2025: kwa nini naanza

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, kompyuta tatu, printa moja ya kopi na waifai ambayo wateja wakisubiri kopi zao wanaitumia. Kilichonifanya nianze hii kitu ni elfu 15. Jumapili ya tarehe 12/5/2024 intaneti ilikata, taa za rauta zote zinawaka vizuri tu, nikazima nikawasha kama mara kumi, nikampigia fundi akaja na bodaboda, akaigeuza geuza akasema, "Dada, hii rauta imeshachoka." Nikampa elfu 15 ya usumbufu na intaneti haikurudi. Baadae ndo nasikia kumbe ni kebo za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zote mbili zimepata hitilafu na nchi kadhaa za huku kwetu zinasuasua. Fundi simlaumu sana, alikuwa anabahatisha kama mimi tu. Ila swali likanibaki, ningejuaje kwamba tatizo haliko dukani kwangu? Ndo hilo swali nataka nijifunze kulijibu, mengine sijui vyeti sijui kazi ya IT hapana, nina watoto na duka.

Mpango: kila Jumapili duka likifungwa saa nane najifunza mpaka magharibi. Packet Tracer ya Cisco nimeshaiweka kwenye laptopu, ni ya bure, unachora mtandao wa kuigiza bila kununua kitu. Bajeti laki moja na nusu. Naandika hapa kila hatua ikiisha, na bei, ili mwenye duka kama langu asirudie ujinga wangu.

Jumamosi, 18/1/2025: vifaa

Nimepanda basi Msamvu asubuhi, Kariakoo saa tano, kurudi usiku. Nauli kwenda na kurudi 20,000. Koleo la kukrimpia (kubania vichwa kwenye waya) 18,000, testa ya waya 8,000, waya wa mtandao wa Cat5e mita 50 kwa 900 mita inakuwa 45,000, vichwa vya RJ45 (vile vya plastiki vya mwisho wa waya) hamsini 10,000, swichi ya mtumba ya matundu 8, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa waya, nimepata 25,000. Jumla na nauli 126,000.

Kosa la kwanza nimelijua nikiwa nyumbani tayari. Nimekwangua waya kwa wembe, juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Yani ni alumini iliyopakwa shaba. Duka la pili lilikuwa na shaba tupu kwa 1,400 mita nikaona wananiibia. Huu wa alumini ukiukunja mara mbili tatu unakatika ndani kwa ndani. Nimeshanunua, nautumia, ila wewe nenda na wembe mfukoni.

Jumapili, 26/1/2025: waya wa kwanza, na hapa ndo nimeteseka

Ndani ya waya kuna nyuzi nane, jozi nne, kila jozi imesokotwa: chungwa na chungwa-nyeupe, kijani na kijani-nyeupe, bluu na bluu-nyeupe, kahawia na kahawia-nyeupe. Mimi nikaona mpangilio wa akili ni kuweka kila jozi pamoja, moja na mbili chungwa, tatu na nne kijani, tano na sita bluu, saba na nane kahawia, upande huu na upande ule sawasawa. Nikatengeneza waya wa mita 2 wa kujaribia, testa ikawaka 1 mpaka 8 bila kuruka, nikachomeka kompyuta, intaneti ikaja. Nikajiona fundi! Nikatengeneza wa mita 18 unaopita juu ya dari mpaka kompyuta ya wateja, testa ikawaka tena 1 mpaka 8, na hapo ndo balaa. Kompyuta inaona mtandao halafu haioni, ukurasa unafunguka nusu, nikipingi rauta, yani kuitumia vipakiti vya kujaribu nione kama inajibu, kati ya pakiti kumi zinarudi sita.

Nikakata kichwa nikaweka kingine, wapi. Nikakata upande wa pili, wapi. Vichwa vinne vimekwenda. Nikalaumu waya wa alumini, nikalaumu swichi ya mtumba, nikahamisha tundu. Kilichonipoteza ni ile testa, mana ilishaniambia waya mzima kwa hiyo sikurudi kuutilia shaka mpangilio wenyewe.

Jumatatu usiku ndo nimeelewa. Mtandao wa kasi ya megabiti 100 unatumia pini nne tu, 1 na 2 kutuma, 3 na 6 kupokea. Sio 3 na 4. Kwenye mpangilio wangu pini ya 3 ni kijani-nyeupe na pini ya 6 ni bluu, nyuzi mbili za jozi tofauti ambazo hazijasokotwa pamoja. Na ule msokoto sio urembo. Nyuzi mbili zilizosokotwa zikipita karibu na waya wa umeme zote zinaokota kelele ileile, na upande wa kupokea unaangalia tofauti kati yao tu, kwa hiyo kelele inajifuta. Ukizitenganisha kila mmoja anaokota kelele yake. Kwenye mita 2 haionekani, kwenye mita 18 pembeni ya nyaya za taa za dari inakuua. Na testa ya elfu 8 haiwezi kuliona hilo, yenyewe inapima tu kama pini ya 3 ya huku inafika pini ya 3 ya kule.

Mpangilio sahihi unaotumika sana, T568B, kichwa ukikishika na ulimi wake umeangalia chini: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Ile kijani kuruka mpaka ya sita nilidhani ni makosa ya uchapaji. Nimeuandika kwa maka pen kwenye ubao wa kaunta. Nikakata vichwa vyote nikaanza upya, pakiti mia zimekwenda mia zimerudi.

Jumapili, 2/2/2025: laptopu mbili uso kwa uso

Zoezi: laptopu mbili kwenye swichi, bila rauta, bila intaneti. Nimeipa ya kwanza namba ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) 192.168.1.11, ya pili 192.168.1.12, sabneti maski (nitaieleza mbele) 255.255.255.0 zote. (Kabla sijaziwekea mwenyewe zilijipa namba za 169.254, na hiyo ishike kichwani, kompyuta ya Windows ukiiona na 169.254 maana yake imeita DHCP, yule mgawaji wa namba anayekaa kwenye rauta, na hakuna aliyeitika.)

Nikapingi kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kimya. Ya pili kwenda ya kwanza, inajibu. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza waya gani huo unaopeleka upande mmoja tu, mimi kwa sababu ya wiki iliyopita nikachukua koleo nikakata vichwa. Viwili vizima kabisa, nimevitupa.

Ilikuwa fayawoli ya Windows, yani mlinzi anayezuia wanaobisha hodi kutoka nje. Kwa laptopu ya pili huu ulikuwa mtandao mpya, ikauliza kama ni wa umma nikabonyeza ndiyo, na kwenye mtandao wa umma Windows kwa kawaida haijibu pingi za watu. Nikaibadilisha kuwa mtandao binafsi na kuruhusu ile kanuni ya pingi, ikajibu.

Ila kitu kizuri nimekipata humo humo. Kabla hujashika koleo andika arp -a kwenye dirisha la amri. Kompyuta ikitaka kuongea na jirani kwanza inapiga kelele kwenye waya, "192.168.1.12 ni nani?", na mwenye namba anajibu kwa anwani yake ya MAC, ile iliyochomwa kwenye kadi ya mtandao kiwandani, biti 48. Fayawoli haizuii jibu hilo. Kwa hiyo kama pingi inakataa lakini kwenye orodha ya arp unaona MAC ya mwenzio, waya ni mzima na swichi nzima, tatizo liko juu zaidi. Ningejua hivyo saa tisa mchana ningekuwa na vichwa vyangu viwili.

Hiyo pingi, kwa wapenda hadithi, iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983 na jina kalitoa kwenye mlio wa sona, ile ya manowari inayopiga sauti na kusubiri mwangwi.

Jumapili, 16/2/2025: maski, au jinsi nilivyojenga ukuta wa karatasi

Wiki ya tarehe 9 niliruka, mtoto aliumwa. Hii wiki nimehangaika na sabneti maski, na video nyingi zinaanza na hesabu ya biti mpaka mtu unasinzia. Mimi nimeelewa hivi: IP ni biti 32, maski inasema ngapi za mbele ni jina la mtaa na ngapi za nyuma ni namba ya nyumba. 255.255.255.0 ni biti 24 za mtaa, zinabaki 8 za nyumba, jumla 256, unatoa ya kwanza ambayo ni jina la mtaa wenyewe na ya mwisho ambayo ni ya kutangazia wote, zinabaki 254. Na kompyuta inauliza swali moja tu kabla ya kutuma chochote, huyu yuko mtaani kwangu? Akiwepo inamwita yenyewe kwa ile kelele ya ARP, asipokuwepo inampa rauta, yani lango, ashughulike nae.

Nikapata wazo. Nikaweka maski 255.255.255.128 ili mtaa ukatike nusu, kaunta wakae 1 mpaka 126, kompyuta ya wateja 129 mpaka 254, nimejenga ukuta bila hata shilingi. Kompyuta ya wateja nikaipa 192.168.1.150, lango 192.168.1.1. Windows ikatoa onyo kwamba lango haliko mtaa mmoja na hii namba, unataka kuendelea? Nikabonyeza ndiyo kama tunavyobonyeza wote. Intaneti ikafa palepale, mana lango liko nusu ile nyingine na hakuna wa kumvusha, kuvusha watu ndo kazi ya lango lenyewe.

Kibaya zaidi, kijana anayenisaidia dukani, ambaye hajui maski ni nini, akaona mtandao hauendi akafungua mipangilio akafananisha na kompyuta nyingine, akaandika 255.255.255.0, intaneti ikarudi na kazi akaprinti. Akaniambia, "Dada nimeshairekebisha." Dakika mbili. Ukuta ambao mteja anauvunja kwa kubadilisha namba kwenye kompyuta yake mwenyewe sio ukuta. Kutenganisha kwa kweli kunafanyika kwenye rauta au swichi. Nimewasha waifai ya wageni kwenye rauta, simu za wateja zinaenda intaneti tu hazioni printa wala kaunta. Kompyuta ya wateja ya waya bado iko mtaa mmoja na sisi, hiyo inahitaji swichi ya kuseti na mfuko wangu bado.

Jumapili, 23/2/2025: rauta mbili kwenye nyumba moja

Waifai haifiki benchi la nje. Nyumbani nilikuwa na rauta ya zamani, nikaichomeka kwenye swichi iongeze waifai. Ilifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu kompyuta moja ina intaneti, nyingine haina, ukiiwasha upya inapata, baada ya saa mbili ya kaunta ndo haina. Hakuna mpangilio. Hili limenichosha kuliko yote kwa sababu kila nilichokigusa kilionekana kimetibu.

Ipconfig, amri inayoonyesha namba ambayo kompyuta imepewa, ndo imeniokoa. Kompyuta nzima inasoma 192.168.1.104, mbovu inasoma 192.168.0.103. Sasa hiyo sifuri imetoka wapi, mtaa wangu ni 1! Imetoka kwa rauta ya zamani. Kompyuta ikiwaka inatangaza, nani ananipa namba? Anaitwa DHCP anayejibu, na sasa niliokuwa nao ni wawili, rauta mpya na ya zamani, kompyuta inachukua jibu lililotangulia. Ukibahatika umepewa na mpya, usipobahatika umepewa na ya zamani ambayo inakwambia lango ni mimi na yenyewe haina intaneti hata tone.

Dawa: laptopu moja kwa moja kwenye rauta ya zamani, zima DHCP, ipe namba ya mtaa wako isiyotumika, mimi 192.168.1.2, kisha waya kutoka kwenye swichi uingie tundu la kawaida na sio lile la rangi tofauti la kuingizia intaneti. Gharama sifuri, muda siku nne, wateja wa kujaza fomu za maombi waliokwenda duka la jirani sijawahesabu.

Jumamosi, 1/3/2025: printa inayopotea

Hii ndo kero ya miaka. Kila baada ya siku kadhaa printa "inapotea", nilikuwa nalipa elfu 10 mtu aje aifute na kuiweka upya. Sababu ni ileile DHCP. Namba inakodishwa, haiuzwi, printa ikizimwa wikiendi ikirudi inaweza kupewa nyingine, na kompyuta zinaendelea kuitafuta pale pa zamani. Nikaipa namba ya kudumu 192.168.1.105 nikafurahi. Jumatano ikapotea tena, safari hii inaprinti kurasa mbili inanyamaza. Namba niliyoipa ilikuwa katikati ya zile rauta inazogawa, kwa hiyo simu ya mtu ikapewa 105 pia, wawili wanaitika jina moja.

Nikabana mgao wa rauta uwe 100 mpaka 199, printa nikaihamishia 192.168.1.20. Ingizo hili naliongezea mwisho wa mwezi: haijapotea tena.

Jumapili, 9/3/2025: taa zote zinacheza

Mfungo umeanza, jioni wateja hakuna, nikadhani wiki itakuwa nyepesi. Alhamisi asubuhi mtandao wote umekufa, sio intaneti tu, hata printa. Kupingi rauta hakuna, arp tupu. Nikawasha rauta upya, nikampigia mtoa huduma nikakaa kwenye foleni ya simu dakika 25, akasema kwao kuko sawa. Masaa manne mazima.

Kilichonistua ni swichi yenyewe, taa zote za matundu yaliyochomekwa zinapepesa pamoja kwa kasi moja kama taa za harusi. Nikachomoa waya mmoja mmoja. Wa tano nilipouchomoa zikatulia. Nikaufuata mkononi huo waya unaenda wapi, unarudi kwenye swichi ileile. Msichana anayefagia aliukuta umeanguka upande mmoja akauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi, kwa nia njema kabisa.

Ile kelele ya "fulani ni nani?" swichi inaitoa matundu yote isipokuwa ilikotokea. Ukiwepo mduara inatoka tundu la tatu, inarudi la saba, inatolewa tena kote, inarudi la tatu, maelfu kwa maelfu mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Pakiti ya IP ina hesabu ya vituo, kila rauta inapunguza moja na ikifika sifuri inatupwa, lakini fremu za Etheneti (bahasha zinazobeba pakiti kwenye waya) zinazozunguka kwenye swichi hazina hesabu hiyo, zinazunguka mpaka uchomoe. Tatizo hili Radia Perlman alilitafutia dawa mwaka 1985, inaitwa Spanning Tree, swichi zinaongea zenyewe na kuziba tundu linaloleta mduara. Swichi yangu ya elfu 25 haina. Dawa yangu ni selotepu kwenye matundu yasiyotumika.

Jumamosi, 22/3/2025: kutoka nje ya duka

Sasa nimerudi kwenye lile swali la mwezi wa tano. Nimejiwekea ngazi, na nimeibandika ukutani: pingi 192.168.1.1, ikikataa tatizo liko humu ndani. Ikijibu, pingi 8.8.8.8 (seva ya Google), ikikataa tatizo liko kwa mtoa huduma au mbele yake. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki, DNS ndo mgonjwa, yule anayegeuza majina kuwa namba. Hilo la tatu limenikuta Jumanne kweli, kila mtu analia mtandao hakuna na huku pingi inakwenda safi, nikaandika DNS ya 8.8.8.8 kwenye rauta, wakanyamaza. Dakika tatu, bila kumpigia mtu.

Halafu tracert, amri inayoonyesha kila kituo ambacho pakiti inapita. Nimeipiga kuelekea seva moja iliyoko Ulaya, hatua ya kwanza rauta yangu milisekunde 1, mbili tatu zinazofuata chini ya 20, halafu inaruka ghafla mpaka 150 na kitu. Hapo ndo imeingia baharini. Mwanga ndani ya kioo unakwenda kama kilomita 200 kwa milisekunde, 150 ni kwenda na kurudi, kwa hiyo njia ya upande mmoja haiwezi kuzidi kilomita 15,000. Nimekaa naiangalia hiyo namba muda, mana ile siku ya elfu 15 ningepiga hii ningeona hatua za kwanza zinajibu na zinazofuata ni nyota nyota tu.

Jumapili, 30/3/2025: kamera imekataa, na hesabu

Nilitaka nikiwa nyumbani nione kamera ya duka. Nikafungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye rauta kama video zinavyoelekeza, nikajaribu kwa bando la simu, kimya. Nimerudia jioni tatu, nimebadilisha poti, nimezima hata fayawoli (usifanye hivyo). Kumbe ukurasa wa rauta wenyewe ulikuwa unaniambia, namba ya upande wa nje inaanza na 100.72. Kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zimetengwa kwa watoa huduma kuwaficha wateja wengi nyuma ya namba moja ya umma, mana IPv4 zote duniani ni kama bilioni 4.3 tu na hazitoshi. Namba inayoonekana nje sio yangu peke yangu, kwa hiyo anayebisha hodi hafiki kwangu, anaishia kwa mtoa huduma. IP ya umma wanataka nilipie kila mwezi, kwa kamera moja hapana.

Hesabu mpaka leo: 126,000 za safari ya Kariakoo, 6,000 za vichwa vya nyongeza nilivyonunua hapahapa Moro kwa bei ya kuumiza, 3,500 selotepu na klipu za dari. Jumla 135,500. Vichwa vilivyotupwa kwa makosa 14, kati yake vizima viwili ambavyo bado vinaniuma.

Kompyuta ya wateja bado iko mtaa mmoja na kaunta. Nikipata swichi ya kuseti ya mtumba chini ya elfu 80, tena yenye ile dawa ya mduara, naongeza ingizo hapa.